ACP, protini ndogo inayobeba mafuta ya bakteria

Huku Bukavu, mgonjwa wa kifua kikuu kwa kawaida humeza dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Mojawapo, isoniazidi, inatumika tangu 1952. Wagonjwa wengi huniuliza inauaje vijidudu. Jibu: inavizuia kutengeneza mafuta yao.

Bakteria hujengea asidi za mafuta utando wa seli, na pasipo utando hakuna seli. Sisi binadamu tunaziunda kwa protini moja kubwa inayofanya karibu hatua zote. Bakteria wengi wamezigawa hatua hizo kwa protini tofauti, zinazoitwa vimeng'enya kwa kuwa huharakisha mabadiliko ya kikemia. Kwa E. coli, bakteria wa utumboni, kimeng'enya FabD huleta malighafi, FabH huanzisha mnyororo wa kaboni, FabB na FabF huurefusha, halafu FabG, FabZ na FabI huukamilisha kabla ya mzunguko mwingine. Kila mzunguko huongeza kaboni 2; ukizungushwa mara 7 unapata asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16.

Mimi naipenda ACP kuliko zote, protini ndogo inayoubeba mnyororo hadi kwenye vimeng'enya hivyo, ingawa haibadilishi chochote yenyewe. Ina asidi amino 77 tu. Kwenye asidi amino ya 36, iitwayo serini, umeshikizwa mkono mwembamba wa kemikali ya fosfopanteteini, wenye salfa kwenye ncha, na mafuta yanayoundwa hushikwa pale kwenye salfa. Mnyororo ukirefuka hauelewani tena na maji, kwa hiyo hujisokota ndani ya ACP, katikati ya helisi zake nne, yaani sehemu zilizojiviringa kama springi. ACP ikikutana na FabI, mkono huchomoka na kuuingiza mnyororo ndani ya kimeng'enya. Uso wa ACP una chaji hasi nyingi, na vimeng'enya vina chaji chanya mahali pa kukutania, ndivyo vinavyoitambua.

Kijidudu cha kifua kikuu kina protini kubwa kama yetu, na pia kina mfumo huu uliogawanyika. Huu wa pili hurefusha minyororo ya asidi za mikoliki, mafuta yanayoufanya ukuta wake uwe mgumu kupenyeka. Ndugu ya FabI humo anaitwa InhA. Isoniazidi ikiingia, protini ya kijidudu chenyewe, KatG, huiamsha. Kisha dawa hiyo hujiunga na NAD, molekuli ndogo ya ndani ya seli, na kuiziba InhA.

KatG ikiharibika kwa mabadiliko ya jeni, dawa hubaki imelala, na huo ni usugu tunaoukuta mara nyingi. Lakini InhA bado iko palepale, inafanya kazi. Kwa maoni yangu, dawa za kuiziba moja kwa moja, bila kuihitaji KatG, zinastahili pesa na nguvu zaidi.