Vijia vya vilima vya Bukavu: somo kutoka kwa waendesha kinga (baiskeli) za mlimani

Ukiwa Kadutu, hapa Bukavu, mvua ya mwezi wa tisa ikianza kupiga, tazama chini. Kijia cha kushukia sokoni kinageuka mto mwekundu kwa dakika kumi tu, na mvua ikikatika unakuta mfereji ambao asubuhi haukuwepo. Mama mwenye gunia la makala mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, hawezi kupita ndani ya mfereji, kwa hiyo anapanda pembeni yake. Wanaomfuata wanakanyaga alipokanyaga yeye. Msimu ukiisha, kijia cha upana wa hatua moja kimekuwa uwanja wa hatua sita usio na jani hata moja, halafu watu wanakihama na kufungua kingine kando. Sisi tunaofundisha mambo ya udongo tunaitwa korongo likishafika kwenye ukuta wa nyumba. Ukiuliza wazee wa mtaa lilianzaje, mara nyingi watakuambia: hapo palikuwa na kijia.

Watu walionifundisha zaidi namna ya kutunza kijia hawakuwa wahandisi wa barabara. Ni waendesha baiskeli za mlimani, zile kinga za matairi mapana yenye meno, mchezo uliokulia California miaka ya 1970. Huku kwetu si mchezo wa wengi, na kinga moja nzuri ya aina hiyo inaweza kugharimu kuliko pikipiki. Lakini kazi wanayoifanya ardhini haihitaji kinga hata kidogo.

Marekani idara ya misitu ya serikali ina vijia vya kama kilomita 254,000. Mwaka 2013 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ilieleza kwamba karibu robo tu ndiyo iliyofikia kiwango kilichowekwa, na kwamba kazi iliyolimbikizwa bila kufanywa ilikadiriwa kuwa ya dola milioni 314. Hiyo ni nchi tajiri. Miti huanguka baada ya moto na dhoruba, wapitaji wanazunguka gogo la kwanza, la pili, la tatu, vichaka vinafunga njia, na miaka michache baadaye hata mwenye ramani anapotea. Waendesha baiskeli wa maeneo hayo walichoka kungoja. Wikendi wanapanda na msumeno mgongoni, wanakata magogo, wanafyeka, wanachimba, bila mshahara. Kuna misitu wasikoruhusiwa, kwa sababu sheria ya mwaka 1964 ya kulinda nyika inazuia vyombo vya magurudumu na misumeno ya injini, na wao hulalamika kwamba humo vijia vingi vinakufa kwa kukosa mpitaji. Wapenzi wa nyika wana majibu yao. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe.

Mimi nilichokipenda ni jinsi wanavyoyafikiria maji. Kanuni yao ya kwanza: kijia kisishuke kwa ukali unaozidi nusu ya ukali wa mlima wenyewe. Mlima ukishuka mita 3 kwa kila mita 10, yaani asilimia 30, kijia kisizidi asilimia 15, na kwa wastani wa safari nzima kibaki karibu na 10. Sababu yake ni nyepesi. Maji huchagua njia rahisi. Kijia kikikata ubavu wa mlima polepole, maji yanakivuka na kuendelea zake. Kikishuka wima, chenyewe ndicho kinakuwa bomba. Na vijia vyetu, toka Cimpunda mpaka Panzi, vingi vinashuka wima, kwa sababu mwenye haraka hapendi kuzunguka.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua fimbo ya mita moja na chupa ya plastiki iliyojaa maji nusu, kifuniko kikiwa kizima. Laza fimbo kwenye kijia kuelekea bondeni, ncha ya juu iguse ardhi, uweke chupa juu yake, kisha inua ncha ya chini mpaka mstari wa maji ulale sambamba na ubavu wa chupa. Pima pengo kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 10 ni asilimia 10. Siku moja wanafunzi wangu walipata 41 kwenye kijia ambacho watoto wa shule hukipanda kila asubuhi, wakadhani wamekosea. Tulirudia mara tatu.

Kijia ambacho huwezi kukihamisha bado unaweza kukisaidia. Kikipita kwenye ubavu wa mlima, kilaze kidogo upande wa bondeni: kwa upana wa mita moja, ukingo wa nje uwe chini kwa kama sentimita 5, maji yatoke pembeni kabla hayajapata mbio. Kisha kila baada ya hatua kadhaa tengeneza kibonde kipana, kijia kishuke, kipande kidogo, ndipo kiendelee kushuka. Maji hayawezi kupanda, basi yanatoka hapo. Kibonde kiwe kirefu, hatua nne au tano, mtu mwenye mzigo asijikwae. Mwaka wa kwanza sisi tulichimba vimifereji vyembamba vya upana wa jembe, tukajiona mafundi. Mvua ya pili ilikuwa imeshavijaza majani ya mikalitusi na mchanga, na maji yakapita juu kama hatukuwahi kufika pale.

Wanaokata kona za kijia cha kuzunguka, waendesha baiskeli hawawawekei kibao cha kukataza. Wanatupa mawe na matawi ya miiba kwenye mkato, na kona yenyewe wanaifanya rahisi kupita. Dimbwi wanapita katikati yake, hawalizunguki. Na mvua ikishanyesha sana hukaa nyumbani, kwa sababu alama moja ya tairi kwenye udongo laini ni mfereji mdogo unaosubiri mvua inayofuata. Hilo la mwisho kwetu haliwezekani. Mama wa makala hawezi kungoja udongo ukauke.

Nani afanye kazi hii? Wengi watajibu haraka: salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Mimi nasita kidogo. Wakati wa Wabelgiji watu wa Kivu walilazimishwa kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko mashambani, na mifereji ile ilifanya kazi. Uhuru ulipofika mwaka 1960 mingi iliachwa ikajaa, kwa kuwa jembe lile lilikuwa na harufu ya kiboko. Salongo ya miaka ya Mobutu nayo wazee wanaikumbuka kwa amri zake. Wale wa Marekani hawaendi kwa amri. Kila kundi lina kijia chake, kile wanachokipita wenyewe, na wakikuta tawi limeanguka Jumanne hawangoji Jumamosi. Kwa hiyo mkuu wa avenyu akiita salongo, afadhali agawe vijia kwa wanaovipita kila siku. Ukaguzi mzuri ni ule wa mvua ya kwanza, mwezi wa tisa, mtu akitembea na jembe huku inanyesha, aone maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Kiangazi, udongo ukiwa mgumu kama tofali, utabaki kubahatisha.

Jambo moja waendesha baiskeli hawakulazimika kulifikiria sana. Msituni, maji yaliyotolewa kwenye kijia yanapotelea kwenye majani. Kadutu, yanatua juu ya bati la jirani. Na pale mlima wenyewe unapotembea polepole, kama Funu, kuyamwaga maji kwenye ufa ni hatari kuliko kuyaacha kwenye kijia. Kwa hiyo kabla jembe halijagusa ardhi, fuata kwa miguu njia ambayo maji yatapita, mpaka yanapofika kwenye mfereji wa mawe au kwenye matete yaliyoshika vizuri. Ukikuta nyumba njiani, bisha hodi kwanza.