Bastola ya .22 haiuzwi kwa kuandikiana tu
Jirani yangu mmoja hapa Nairobi alitaka kumuuzia shemejiye bastola yake kuukuu ya .22 (yaani ya risasi yenye upana wa inchi 0.22 hivi), pamoja na mkoba wake na brashi za kusafishia. “Hii ni ndogo, tutaandikiana tu.”

Hapana! Kweli, kichwa cha risasi yake ya kawaida kina gramu 2.6 hivi tu. Lakini kinaweza kuruka zaidi ya kilomita 1, na kinaua. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haiisamehe bastola hii kwa udogo wake. Cheti cha kumiliki silaha ni cha mtu. Hakihami na bastola. Shemeji apate chake kwanza kutoka Bodi ya Leseni za Silaha. Mkoba na brashi, sawa, auze hata leo. Risasi zilizobaki, la.