“Fundi, hii ni psi 150”: dhana potofu kuhusu kompresa za tairi zisizo na tyubu

Wengi wanaoniletea baiskeli zao hapa Mombasa niwawekee tairi za tyublesi (zisizo na tyubu ndani) huja na kompresa waliyokwisha kuinunua. Ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya gari, kimeandikwa psi 150 ubavuni kwa herufi kubwa. “Fundi, tairi yangu yataka psi 25 tu. Hii ina 150. Itashindwaje?”

Itashindwa leo, na kesho itashindwa vilevile. Dhana hii inawapotezea watu pesa kuliko nyingine zote, na nimeisikia mno, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Psi hupima msukumo, haipimi wingi wa hewa. Ile 150 yakwambia kidude kinaweza kusukuma hadi wapi endapo hewa haina pa kutokea. Haikwambii kinatoa hewa kiasi gani kwa dakika. Tairi ya tyublesi isiyokaa bado kwenye rimu ina mwanya mzunguko mzima, baina ya ukingo wake na rimu, na kila unachotia chatokea hapo hapo. Ni kama kujaza ndoo iliyotoboka: ukimimina kikombe kimoja kimoja haijai hata ukeshe, lakini ukimwaga mtungi mzima kwa mkupuo, maji yatafika juu. Kidude cha gari hutoa kama lita 30 kwa dakika, yaani nusu lita kwa sekunde. Kitanguruma hadi kichemke, na tairi imelala vilevile.

Kinachopandisha ukingo hadi ukae kwenye rimu ni tangi la kompresa, lile la kuwekea hewa. Tairi ya inchi 29 yenye upana wa inchi 2.25 huchukua nafasi ya lita 5 na kitu. Tangi dogo la lita 6, likijazwa hadi baa 8 (kama psi 116), limeweka akiba ya hewa inayokaribia lita 48. Tangi la lita 24 laweka lita 190 hivi. Ukibonyeza, hewa hiyo yote inatoka kwa kishindo kabla mwanya haujapata nafasi ya kuivujisha. Mota inaweza kuwa dogo na la bei ya chini, litajaza tangi polepole wakati wewe unabandika utepe wa kuziba matundu ya rimu. Hakuna anayekukimbiza.

Kwa hiyo ukiingia dukani uliza lita za tangi kwanza. Baa 8 zatosha, usilipie zaidi ya hapo. Kwa baiskeli moja au mbili nyumbani, tangi la lita 6 linafanya kazi, ila ukilijaza upya kila unapojaribu. La lita 24 ni la mwenye baiskeli nyingi au anayetaka pia kupuliza rangi. Namba za farasi, yaani nguvu za mota, zilizoandikwa kwenye boksi usizitegemee sana. Plagi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 haipitishi zaidi ya wati 3,120, na farasi 5 ni wati 3,700 na zaidi. Anayekuuzia “farasi 5” ya kuchomeka ukutani anakuuzia karatasi ya boksi. Tena nunua mpira mrefu wa upepo, waya mrefu wa umeme uache. Waya mwembamba wa ekstensheni unalidhoofisha mota linapowaka.

Na hili nalisema kwa kila mteja hadi wananichoka: toa pini ya ndani ya valvu kabla ya kutia upepo! Pini ile ndiyo inayobana njia. Paka maji ya sabuni kwenye kingo zote mbili, kisha tumia bunduki ya upepo yenye ncha ya mpira, uikandamize juu ya valvu iliyo wazi. Utasikia pa! pa! Ukiondoa bunduki upepo wote utatoka, na hapo wengi hudhani wameharibu. Hujaharibu. Kingo zimeshakaa. Mimina dawa ya kuziba kupitia valvu, rudisha pini, jaza kwa pampu ya kawaida. Rimu ikiwa nzuri na utepe umebandikwa sawa, mara nyingine pampu ya kawaida peke yake inatosha, na kompresa huihitaji kabisa. Jaribu hivyo kwanza.

“Tairi ikikataa kukaa, ongeza presha.” Hapana! Soma kiwango cha juu kwenye tairi na kwenye rimu, fuata kilicho kidogo. Rimu zisizo na ndoano (mkunjo wa ndani unaoshika ukingo wa tairi) mwisho wake ni baa 5, yaani psi 72.5, hata kama tairi imeandikwa zaidi. Ikikataa, toa upepo, paka sabuni tena, sogeza ukingo kwa vidole. Tairi ikichomoka usoni haina huruma.

“Nitaenda kituo cha mafuta.” Hewa pale ipo ya kutosha, lakini ile nozeli ni ya valvu za gari. Baiskeli nyingi za tyublesi zina valvu nyembamba ya Presta, na adapta yake hujifunga kwenye pini ile ile niliyokwambia uitoe.

Kompresa zile za kienyeji, za mota ya friji iliyochomelewa kwenye mtungi wa gesi, bila valvu ya usalama, mimi sizigusi, na sitaki ziwe karibu na watoto.

“Kompresa haina matunzo.” Kwa unyevu wa pwani hii? Hewa ikibanwa, maji yake hubaki tangini. Fungua kile kizibo cha chini kila ukimaliza kazi, uyatoe. Usipofanya hivyo kutu itakula chuma kutoka ndani, pasipoonekana, na tangi lililoliwa na kutu linaweza kupasuka.

“Ikishakaa, dawa si lazima.” Bila dawa tairi nyingi huvuja taratibu, na mwiba wa kwanza unakulaza njiani. Tia mililita 100 hivi kwa tairi ya 29. Kwa joto letu hukauka haraka: kila baada ya miezi miwili au mitatu vua gurudumu ulitikise, usiposikia maji yakicheza ndani, ongeza.