"Ugonjwa wa wazungu": ramani ya uvimbe sugu wa matumbo

Binamu yangu wa Kibosho aliharisha damu miezi minane. Kila alikokwenda alipewa dawa za ameba, mara moja moja za taifodi, akakonda mpaka sketi zikawa hazikai kiunoni. Siku alipowekewa mpira wenye kamera hapa Moshi na kuambiwa ana vidonda vya utumbo mpana, mjomba, baba yake, aliuliza: "Huo si ugonjwa wa wazungu, daktari?"

Nimelifikiria sana swali lile, kwa sababu halikutoka hewani.

Magonjwa ya uvimbe sugu wa matumbo ni hali ya kinga ya mwili kuushambulia utumbo wenyewe, ikatulia, ikarudi tena. Uvimbe huu si donge la saratani. Ni ule wekundu na kuvimba unaouona pembeni mwa kidonda kibichi. Makubwa ni mawili. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana na puru. Ugonjwa wa Crohn, wenye jina la daktari Burrill Crohn wa New York aliyeueleza na wenzake mwaka 1932, unaweza kushika popote, kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa. Vidonda vya tumbo tunavyovitaja kila siku ni kitu kingine kabisa.

Sasa ramani. Marekani, Kanada na nchi nyingi za Ulaya zina wagonjwa zaidi ya 3 katika kila watu 1,000. Afrika idadi zilizoandikwa ni ndogo mno, na kwa miaka mingi wengi waliamini ni suala la damu na ukoo. Ukoo unachangia, ndiyo. Lakini watoto wa familia zilizohama kutoka India na Pakistani kwenda Uingereza, waliozaliwa hukohuko, walianza kuugua kwa viwango vinavyokaribia vya wenyeji wao. Vinasaba havibadiliki kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni maisha: chakula cha viwandani, antibiotiki za utotoni, minyoo na vijidudu ambavyo mtoto hakutani navyo tena. Ni kipi hasa kati ya hivyo, wataalamu bado wanabishana. Tangu miaka ya 1990 wagonjwa wameongezeka pia Brazili na Taiwan, kadiri miji na viwanda vilivyokua.

Hapo ndipo watu huchanganya utajiri wa nchi na utajiri wa mgonjwa. Nchi tajiri zina wagonjwa wengi, lakini humohumo maskini ndiye anayechelewa kupimwa na kufikishwa hospitali akiwa hoi.

Kwetu kuna jambo zito zaidi. Ugonjwa huu hauonekani kwa kipimo kimoja cha choo. Unahitaji kamera, kinyama kidogo cha utumbo, na mtaalamu wa kukisoma. Pasipo na hivyo, mgonjwa haingii kwenye hesabu, na ramani inabaki nyeupe. Naamini kweli ni wachache kuliko Ulaya, ila si wachache kama karatasi zinavyosema.

Na daktari hana budi kuwa mwangalifu. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn hata mbele ya kamera. Ameba na kichocho cha utumbo, kinachoambukizwa kwenye maji ya mabwawa na mashamba ya mpunga, navyo huleta choo cha damu. Ukimpa mwenye kifua kikuu steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa Crohn, kwa kubahatisha, unaifunga mikono kinga yake na kuuachia ugonjwa usambae. Kwa hiyo kuanza kutafuta ameba si kosa. Kosa ni kuitibu mara ya tano bila kupima.

Damu ikiendelea wiki kadhaa baada ya dawa, uzito ukishuka, ukiamshwa usiku na tumbo, omba rufaa ya kamera, na utaje dawa zote ulizokwisha kumeza. Binamu yangu alikwenda na maganda ya dawa zake kwenye mfuko wa rambo. Daktari aliyamwaga mezani, akayahesabu, ndipo akaandika kipimo.