Je, wajua kwa nini bandari iliyofichika sana huenda isifae kuwa kambi ya manowari?

Ukimpa mkazi wa Dodoma ramani ya pwani na kumwomba achague mahali pa kujenga kambi mpya ya jeshi la majini, huenda kidole chake kikatua kwenye ghuba iliyozungukwa na nchi kavu, yenye mlango mwembamba kuliko zote. Sababu zake zina uzito: mawimbi ya kusi hayaifikii, na mizinga michache kwenye ncha mbili za mlango inaweza kumzuia adui. Hata hivyo, sababu hizo zinajibu nusu tu ya swali, kwa kuwa manowari hazijengewi kambi ili zikae salama. Hujengewa ili ziweze kutoka haraka, kwa wingi, na katika saa ambayo adui hakuitarajia.

Fikiria zizi la miiba la mfugaji wa Kigogo, lenye mlango mmoja. Usiku mlango huo ndio ulinzi wenyewe, kwa sababu fisi hana pengine pa kupita. Lakini moto ukizuka, ng'ombe watatoka mmoja mmoja hata wakiwa mia moja, na wa kwanza akianguka mlangoni, wote walio nyuma yake wamefungiwa. Anayewavizia naye hana haja ya kulizunguka zizi. Anajua watatokea wapi, na anachosubiri ni saa tu. Sasa fikiria mlango huo uwe unafunguka mara mbili tu kwa siku. Hivyo ndivyo kujaa na kupwa kwa maji kunavyoifanya bandari yenye mlango usio na kina cha kutosha, kwani meli nzito hulazimika kungoja maji yajae.

Warusi walipata shida hiyo mwaka 1904, walipopigana na Wajapani huko Port Arthur, bandari waliyoishikilia kaskazini-mashariki mwa China. Manowari zao kubwa ziliweza kuvuka mlango wakati maji yamejaa tu, na Wajapani waliokuwa wakisubiri nje walijaribu mara tatu kuuziba kwa kuzamisha meli kuukuu. Inafaa kusema wazi kwamba hawakufaulu kuufunga kabisa: kuziba mlango wa bandari chini ya mizinga ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Pwani yetu nayo ina mfano wake. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani walizamisha gati linaloelea la kukarabatia meli katika mlango mwembamba wa bandari ya Dar es Salaam, ili Waingereza wasiingie. Kizuizi hicho hicho kiliifungia nje manowari yao wenyewe, Königsberg, ambayo ilikuwa imeondoka bandarini siku chache kabla. Baadaye ilijificha katika delta ya Rufiji, Waingereza wakailinda midomo ya mto, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa humo humo, baada ya kuletwa meli za mizinga zenye uwezo wa kupita kwenye maji ya kina kifupi.

Je, basi milango mingi ndiyo suluhisho? Kwa kiasi. Ghuba ya Scapa Flow, kaskazini mwa Uskoti, ina nafasi pana na njia kadhaa za kutokea, na Waingereza waliitumia kama kambi kuu katika vita vyote viwili vya dunia. Lakini kila njia inahitaji kulindwa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 1939, nyambizi ya Kijerumani U-47 ilipenya kwenye njia iliyodhaniwa kuwa imezibwa, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Royal Oak, na zaidi ya watu 800 wakafa. Kwa maoni yangu, milango miwili yenye kina na inayolindika ni bora kuliko mmoja mwembamba au mingi isiyo na walinzi.

Jambo lingine ni nchi iliyo nyuma ya bandari, kwa maana kambi isiyo na reli huishiwa makaa, mafuta na baruti. Kigoma iliweza kuwa kambi ya meli za kivita katika Ziwa Tanganyika kwa sababu reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, ilikamilika hadi huko mwaka 1914. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, ilisafirishwa kwa reli hiyo ikiwa vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Baadaye ilifungwa mzinga mmoja uliookolewa kutoka Königsberg kule Rufiji.