Programu ya Kusimamia Maombi ya Mikopo ya Nyumba: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Mawakala wa mikopo ya nyumba jijini Mwanza, hasa wenye ofisi za watu wawili au watatu, mara nyingi hudhani kwamba programu bora ya kusimamia maombi ni ile yenye vipengele vingi. Ukweli ni kwamba programu hupimwa kwa faili gumu. Chukua mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikipevuka mitumbwi mingi hupumzika, kwa hiyo fedha zake huingia kwa mafungu, wala hana hati ya mshahara. Programu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani itamdai mshahara wa mwezi na namba ya hifadhi ya jamii yenye tarakimu 9, ilhali namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20. Niliwahi kumwona karani akiipunguza namba hiyo ili ienee kwenye kisanduku, na ombi likarudishwa kwa sababu mwombaji hakutambulika.

Wapo wanaoamini kwamba programu ndiyo inayoidhinisha mkopo. Mwamuzi ni benki. Programu ya wakala hukusanya nyaraka, huonyesha kilichopungua na kufikisha ombi likiwa kamili. Basi hakikisha unaweza kuongeza nyaraka za hapa kwetu, mathalani ridhaa ya mwenza, ambayo Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaka nyumba ya wanandoa inapowekwa rehani.

Dhana ya hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba taarifa za wateja zikishakaa kwenye seva za muuzaji wa programu, wajibu wa kuzilinda nao umehamia kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humbana anayezikusanya, yaani wakala mwenyewe, na huweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Uliza seva ziko wapi.

Ada ndogo ya mwezi nayo si lazima iwe nafuu. Kabla ya kusaini, jaribu kuyatoa mafaili yote, pamoja na hati zilizoskaniwa, uyafungue kwenye kompyuta nyingine. Muuzaji akisema huduma hiyo hulipiwa mteja anapohama, mwambie aandike kiasi hicho kwenye mkataba, kwa shilingi.