Umbali peke yake haupimi uendelevu wa mnyororo wa ugavi

Wengi huamini kwamba bidhaa ikitoka karibu, mnyororo wake wa ugavi, yaani safari yake yote kutoka malighafi hadi kwa mnunuzi, ni endelevu (hauumizi watu, mazingira wala biashara), na ikitoka mbali ni uharibifu. Si kweli. Kwa vyakula vingi, usafiri huchangia chini ya asilimia 10 ya gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani. Sehemu kubwa hutoka shambani, kwenye mbolea, mifugo na misitu iliyofyekwa. Chombo cha usafiri nacho kina athari kubwa kuliko umbali: tani moja ikienda kwa ndege hutoa gesijoto zaidi ya mara 20 ya ile inayokwenda kwa meli kwa umbali uleule.

Chukua oda ya mashati. Mnunuzi anachelewa wiki mbili kuamua rangi, lakini tarehe ya kupokea mzigo haisogezwi. Mafundi wanalazimishwa kushona hadi usiku wa manane, kisha mzigo uliopaswa kwenda melini unapakiwa kwenye ndege. Wafanyakazi wameumia, hewa imechafuliwa, na nauli imekula faida. Uamuzi mmoja wa ofisini umevuruga yote matatu!

Jengo la Rana Plaza, Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya nguo, liliporomoka mwaka 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla, lakini mafundi waliamriwa waingie kazini. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu kilomita, mimi ningesoma mkataba wa ununuzi: je, bei inatosha kulipa mishahara na kukarabati jengo, na nani anabeba hasara mnunuzi akibadili nia?